Kutembea Mumbai kwa Fedha Kidogo

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake, na kwamba mwalimu wa darasa ameandika ubaoni maneno haya matano: pasipoti, viza, rupia, stesheni, akiba. Leo tutayatumia yote.

Juma lililopita niliahidi kwamba tutafanya hesabu ya safari. Wengine waliniandikia wakaomba tufanye hesabu ya safari ya kweli, si ile ya vitabuni ya Juma aliyenunua machungwa kumi. Basi twende Mumbai, katika Bara Hindi, mji ambao wazee wetu wa Mombasa bado huuita Bombay, ijapokuwa jina lilibadilishwa rasmi mwaka 1995. Nimeuchagua kwa sababu nimefika huko na mke wangu kwa mshahara huu huu wa serikali mnaoujua, na kwa sababu mambo mengi ya huko si mageni kwetu. Chapati, sambusa, bajia, achari, dobi, laki, rupia: maneno haya mnayajua kabla hamjapanda ndege. Rupia yenyewe ilikuwa fedha ya nchi yetu mpaka mwaka 1920.

Kwanza tutazame majira. Mtu wa pwani anajua kaskazi na kusi, na pepo hizo ndizo zilizoendesha majahazi baina yetu na Wahindi. Lakini kusi likifika kwao huleta mvua ambazo hapa hatuna mfano wake. Huanza mwezi wa Juni na kuendelea mpaka Septemba, na Julai ndio mwezi mbaya kuliko yote. Tarehe 26 Julai 2005 mji ule ulipata milimita 944 za mvua kwa siku moja. Watu walikufa mamia, na treni zilisimama. Nauli ya ndege ikiwa rahisi sana mwezi wa Julai, ujue kwa nini. Wakati mwema ni Novemba mpaka Februari, na mwenye kubana fedha atafute Novemba mapema au Februari, maana mwisho wa Desemba bei za vyumba hupanda.

Sasa karatasi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele yake na kurasa mbili tupu. Viza ya matembezi huombwa kwa mtandao katika ukurasa wa serikali ya India, na hapa angalieni sana, maana zipo kurasa za watu binafsi zilizofanywa zifanane na ule wa serikali, nazo hutoza fedha zaidi kwa kazi ile ile. Soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kutoa senti. Ndiyo faida moja ya kujua kusoma, wala si ndogo.

Karatasi ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mtu atokaye Kenya, Uganda au Kongo hana budi kuwa nacho. Cheti hiki hakianzi kuwa na nguvu siku ya sindano, bali siku ya 10 baada yake. Basi mtu aliyechomwa Jumatatu akaruka Ijumaa ya juma lile lile ni sawa na asiyechomwa, na anaweza kuzuiwa kwa siku 6 mahali pa karantini. Fikirini: safari ya siku 10, siku 6 zimekwisha mtu akitazama ukuta. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hiki ni cha maisha, kwa hiyo aliyenacho kabatini asikitupe.

Ndege kutoka Nairobi bila kutua njiani huchukua muda wa saa sita hivi. Zile zinazotua Addis Ababa au nchi za Ghuba mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini huongeza saa nyingi za kungoja na chakula cha kiwanja cha ndege, ambacho si rahisi hata kidogo. Linganisheni jumla, msilinganishe nauli peke yake. Na saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu: hapa ikiwa saa mbili ya asubuhi, huko ni saa nne na nusu.

(Hapa mwalimu asimamishe, awape wanafunzi dakika tatu. Swali: ndege ikitua huko saa kumi na nusu ya jioni, huku nyumbani ni saa ngapi?)

Tuje kwenye fedha. Nitawapa hesabu ya mfano kwa watu wawili, mume na mke, kwa siku 10. Bei hubadilika, nanyi mtaweka zenu. Chumba cha wageni chenye feni, choo na maji, rupia 2,500 kwa siku. Chakula cha wawili, rupia 800. Treni na basi na teksi, 300. Viingilio, 400. Jumlisheni: rupia 4,000 kwa siku. Kwa siku 10 ni 40,000. Je, tumemaliza? Hatujamaliza. Ongezeni sehemu moja ya tano kuwa akiba, yaani 8,000, tupate 48,000. Akiba hii si ya zawadi, wala si ya vitambaa. Nitaeleza ni ya nini.

Tulifika Mumbai jioni, tukashika njia moja kwa moja mpaka nyumba ya wageni niliyoipata kwa bei ndogo kabisa, nami nilikuwa nimelipa nusu mapema na kujisifu njia nzima. Karani akatazama pasipoti zetu, akatikisa kichwa. Nyumba ile haikupokea wageni wa nchi nyingine. Kule kila nyumba inayolaza mgeni wa nje hupaswa kupeleka habari zake serikalini katika muda wa saa 24, kwa karatasi iitwayo fomu C, na nyumba nyingi za bei ndogo hazitaki kazi hiyo. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Saa tatu ya usiku tukawa barabarani na masanduku, mke wangu kimya (mnajua kimya cha namna hiyo), na chumba tulichopata kilitugharimu mara tatu ya hesabu yangu. Nusu niliyolipa haikurudi. Laiti tungalikuwa hatuna akiba, safari ingalikwisha usiku ule. Basi kabla ya kulipa, andika na uulize maneno haya tu: je, mnapokea wageni wenye pasipoti ya Kenya? Na ngoja jibu la maandishi.

Noti nazo zina habari zake. Novemba mwaka 2016 serikali ya India ilibatilisha noti za zamani za rupia 500 na 1,000 kwa usiku mmoja, na mwaka 2023 ile ya 2,000 ilianza kuondolewa. Rafiki mwema akikupa noti alizorudi nazo zamani, mshukuru, lakini usizitie katika hesabu. Ukitua, badilisha kidogo tu kiwanjani, kiasi cha siku moja, kisha linganisha bei mjini. Na omba noti ndogo ndogo. Watu wa huko hulipana kwa simu hata kwa kikombe cha chai, kama sisi tulivyozoea hapa, lakini njia yao imefungamana na benki zao, na mgeni mara nyingi hujikuta nje. Noti za 10, 20 na 50 ndizo zitakazomlisha.

Jambo jingine la hesabu: wao huweka mkato kwa laki. Ukiona 1,00,000 usidhani mwandishi amekosea. Ni laki moja, sawasawa na yetu ya 100,000.

Sasa namna ya kwenda huku na huku, na hapa ndipo fedha huokolewa au hupotea. Mji ule ni mrefu na mwembamba, umeingia baharini kama ulimi, kutoka kaskazini kwenda kusini. Zamani vilikuwa visiwa saba, vikaunganishwa kwa kujaza udongo. Kiwanja cha ndege kiko kaskazini. Majengo ya kale na bandari viko kusini. Kati yao ni kilomita 25 hivi. Mwaka 2024 na 2025 ilifunguliwa kwa vipande reli inayopita chini ya ardhi, nayo hutoka kiwanjani mpaka ncha ya kusini kwa nauli isiyofika rupia 100. Teksi itadai mara nyingi zaidi ya hiyo.

Lakini treni hasa za mji ni zile za zamani. Treni ya kwanza ya abiria katika Bara Hindi iliondoka mji huu tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, na tangu hapo watu wa Mumbai ni watu wa treni. Nauli ya daraja la pili huanzia rupia 5. Kwenye ubao wa stesheni tazameni herufi mbili: F ni treni ya haraka, inayoruka stesheni nyingine, S ni ya polepole, inayosimama kila mahali. Mwanafunzi wa mwezi wa pili anaweza kusoma herufi hizo. Kadhalika msome kwenye behewa kabla ya kupanda, maana mwenye tikiti ya daraja la pili akikutwa katika daraja la kwanza hutozwa faini, na kusema sikujua hakusaidii. Yako pia mabehewa ya wanawake peke yao. Mimi na mke wangu tulipanda mbalimbali, lakini kwanza tulipatana jina la stesheni ya kushukia na mahali pa kukutana. Msisahau hilo, maana si wote wana simu yenye nguvu saa hiyo.

Asubuhi umati huelekea kusini, jioni huelekea kaskazini. Msipande saa hizo. Hili silisemi kwa ajili ya starehe. Treni nyingi huenda milango wazi, vijana wananing'inia nje, na wengine huvuka njia za reli kwa miguu. Mwaka 2023, na tena 2024, zaidi ya watu 2,000 walikufa katika reli za mji huo. Ngojeni mpaka saa tano ya asubuhi, mkanywe chai kwanza. Kwenye madaraja panda ngazi, hata ukimwona mwenyeji anakata njia chini.

Tuktuk, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita bajaji kwa jina la kampuni ya huko huko India, haziruhusiwi kusini mwa mji. Tangu Februari 2025 nauli ya chini ni rupia 26 kwa tuktuk na 31 kwa teksi nyeusi na manjano. Mwambie dereva awashe mita. Akikataa, shuka kwa heshima, nyingine itakuja.

Chakula hakitawashinda. Kila pembe pana vada pav, yaani kitumbua cha viazi katika mkate mdogo, na pilipili ya kutosha kumwamsha mtu. Chai huuzwa kwa glasi ndogo, nusu ya zetu. Kula pale penye watu wengi na mafuta yanayochemka. Maji yawe ya chupa iliyofungwa, na mjaribu kifuniko kwa mkono kabla ya kulipa. Tumbo likiharibika siku tatu, zile ni rupia 12,000 za hesabu yetu mmekaa chumbani.

Na kutazama? Mengi ni bure. Lango la India, lililomalizika mwaka 1924, liko wazi ufukoni. Barabara ya pwani ya Marine Drive ni bure, na jua likitua mji wote huja kukaa ukutani. Karibu na stesheni ya Mahalaxmi lipo daraja, ukisimama juu yake unaona madobi mamia wakifua katika mabirika ya mawe. Ndipo mke wangu alipocheka mara ya kwanza tangu usiku ule. Kaburi na msikiti wa Haji Ali viko baharini, na njia yake hufunikwa maji yakijaa, basi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kuuliza maji kwanza.

Mapango ya Elephanta ni habari nyingine. Mashua hutoka pale langoni, mwendo wa saa moja, na siku ya Jumatatu mapango hufungwa. Kiingilio cha mwenyeji ni rupia 40. Cha mgeni ni 600. Wawili ni 1,200, na mashua mbali. Je, yafaa? Mimi nasema yafaa: ile sanamu ya vichwa vitatu iliyochongwa ndani ya mlima sijaona mfano wake. Lakini irudieni hesabu yetu. Viingilio tuliweka 400 kwa siku, yaani 4,000 kwa siku 10. Elephanta peke yake imekula zaidi ya siku tatu. Kwa hiyo siku tatu nyingine ziwe za vitu vya bure, nanyi mnavyo vya kutosha.

Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii katika matundu yao ya mviringo. Nunueni kiunganishi huku nyumbani.

Kazi ya juma hili: kila mwanafunzi aandike mistari minne ya matumizi ya siku moja kwa safari anayoitaka yeye, hata ikiwa ni kwenda Lamu tu, ajumlishe, azidishe kwa siku, kisha aongeze moja ya tano. Mwalimu atasahihisha Alhamisi. Na jibu la swali la saa: ni saa nane ya mchana. Aliyeandika saa moja ya usiku amejumlisha badala ya kutoa, arudie. Kwaherini.