Barua za Wataalamu wa Mashariki: Mwandishi, Mpokeaji na Mtu wa Tatu

Waswahili husema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Kwa mtafiti wa nyaraka, usemi huo una maana nyingine ambayo wahenga hawakuikusudia: barua anayoikuta katika hifadhi ni nusu tu ya mazungumzo. Mtu huweka barua alizozipokea. Zile alizoziandika mwenyewe zimo katika makabati ya wenzake, aghalabu katika nchi nyingine. Ndiyo maana anayetaka kuzisoma barua ambazo Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alimwandikia rafiki yake Ignác Goldziher hana budi kwenda Budapest, na anayetaka kusoma alichomwandikia Theodor Nöldeke huelekezwa Tübingen. Mikusanyo yote miwili ilichapishwa mwaka 1985 ikihaririwa na P. Sj. van Koningsveld, na tangu hapo historia ya taaluma ya lugha na tamaduni za Asia haikuweza tena kusimuliwa kwa kutegemea vitabu peke yake.

Hazina ya Goldziher (1850–1921) ndiyo inayostahili kutajwa kwanza. Katika maktaba ya Akademia ya Sayansi ya Hungaria zimehifadhiwa barua zaidi ya 13,000 alizoandikiwa na watu zaidi ya 1,600. Wingi huo una sababu yake. Kwa takriban miaka 30 Goldziher alijipatia riziki kama katibu wa jumuiya ya Kiyahudi mjini mwake, akitafiti kwa saa zilizobakia baada ya kazi, na uprofesa kamili hakuupata hadi mwaka 1905. Mtu aliyewekwa pembeni mwa chuo kikuu alilazimika kujijengea chuo kingine kwa njia ya posta. Humo hoja zilijaribiwa kabla ya kuchapishwa, vitabu viliazimwa, na wapinzani walisemwa kwa ukali ambao haukuonekana katika majarida.

Lakini faida kubwa ya barua hizi si porojo za wasomi, ingawa porojo hizo zinapendeza kusoma. Faida yake ni kufichua yale ambayo kitabu kimeyafunika. Mfano ulio wazi ni wa Snouck Hurgronje mwenyewe (1857–1936). Aliwasili Jeddah mwaka 1884, akaingia Makka mwaka 1885 kwa jina la Abd al-Ghaffar, akakaa miezi kadhaa mpaka alipofukuzwa, kisha akatoa majuzuu mawili juu ya mji huo katika miaka ya 1888 na 1889. Je, alisilimu kwa moyo au kwa ulimi? Vitabu vyake havijibu. Katika barua ya mwaka 1886 kwa mtaalamu Mjerumani Carl Bezold alieleza kuwa kuishi kwake miongoni mwa watu wa Makka kusingewezekana bila kuudhihirisha Uislamu, naye alitumia istilahi ya Kiarabu yenye mzizi mmoja na neno la Kiswahili dhahiri. Van Koningsveld aliisoma barua hiyo kama ungamo la kujifanya. Waliompinga walisema kuwa kudhihirisha jambo si lazima kuwe kinyume cha kuliamini, na kwamba mtu anayemwandikia msomi mwenzake wa Ulaya huchagua maneno yatakayomridhisha msomi huyo. Hoja hii ya pili ina uzito. Barua, hata ya siri, huandikwa kwa kumtazama mpokeaji. Si kioo cha moyo.

Hapa ndipo anapojitokeza mtu wa tatu, yule ambaye wasomi wawili wanazungumza kwa kutegemea maarifa yake. Sehemu kubwa ya habari za wanazuoni wa Makka katika kitabu cha Snouck ilitokana na maandishi ya Aboe Bakar Djajadiningrat, mzaliwa wa Banten katika kisiwa cha Java, aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi mdogo wa Uholanzi huko Jeddah. Picha kadhaa za Makka zilizotolewa mwaka 1889 zilipigwa na tabibu wa mji huo, Sayyid Abd al-Ghaffar, ambaye sahihi yake ilifutwa kabla ya picha kuchapishwa. Mambo haya yamethibitika kwa sababu karatasi zilibaki Leiden. Aliyelificha jina ndiye aliyeutunza ushahidi: kinaya hiki hakiwezi kupitwa bila kutajwa.

Haji Hasan Mustapa (1852–1930), mwanachuoni na mshairi wa Kisunda, ana kisa kigumu zaidi. Alifahamiana na Snouck huko Makka, baadaye akawa mkuu wa mambo ya dini chini ya serikali ya kikoloni, kwanza Aceh, kisha Bandung. Barua zake kutoka Aceh zilimpa Snouck, ambaye wakati huo alikuwa mshauri wa serikali, habari za nchi iliyokuwa vitani na Waholanzi tangu mwaka 1873. Barua moja iliweza kuwa elimu kwa mwanaisimu na upelelezi kwa jemadari. Anayezitumia leo kama data ya lugha tu ameacha nusu ya maana yake.

Afrika Mashariki nayo imo katika mtandao huu. Carl Heinrich Becker, aliyeandikiana na Goldziher na Snouck pia, alichapisha mwaka 1911 makala juu ya Uislamu katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Humo alishughulikia waraka ulioenea pwani mwaka 1908, uliodaiwa kutoka Makka na kuwataka Waislamu watubu, ambao uliwatia hofu watawala. Watu wa pwani nao walikuwa na posta yao, na wasomi wa Hamburg waliisoma kwa wasiwasi.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, mtu wa tatu aliye karibu zaidi ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Mshairi huyu, mchongaji na mwandishi wa khati alinakili tenzi kwa malipo, akawaandikia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kinachoitwa mswada katika matoleo mengi kilianza kama kifurushi cha posta: utenzi ulioagizwa, ukaandikwa kwa hati za Kiarabu na mkono uliojua kuwa msomaji wake ni mgeni. Mhariri anayelinganisha nakala bila kuzisoma barua zilizofuatana nazo anaweza kudhani kuwa tofauti za maneno ni za lahaja au za kale, kumbe ni maelezo aliyoongezewa mnunuzi. Hati hizo zimetawanyika London na Ujerumani, na kwa miaka mingi ziliorodheshwa kwa majina ya waliozipokea. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipochapisha sehemu yake mwaka 2010, jina la Kijuma ndilo lililotangulia katika anwani ya kitabu. La Dammann lilifuata kama jina la mkusanyo.