Boila inayodondosha maji: kwa nini kifaa cha usalama kisizibwe

Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu zenye boila ya umeme, ile ambayo wengi huita chauffe-eau, lalamiko la kwanza baada ya fundi kuondoka ni lile lile: kifaa kidogo cha chuma chini ya mtungi kinadondosha maji. Mwenye nyumba, ambaye pengine anangoja maji ya Regideso tangu juzi, anaona kila tone ni hasara. Fundi anaitwa tena, anafunga kizibo, matone yanakoma na kila mtu anaridhika. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kifaa hicho, kinachoombwa dukani kwa jina la groupe de sécurité, kimewekwa ili kidondoshe. Maji yakipata moto yanapanuka. Mtungi wa litre 100 ukipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 unapata karibu litre moja na nusu ya ziada. Ndani ya kifaa kuna kizuizi kinachokataza maji kurudi kwenye tuyo ya maji baridi, na robine zote zikiwa zimefungwa, litre hiyo na nusu haina pa kwenda. Presha inapanda hadi bar 7, kifaa kinafunguka kidogo na kumwaga kilichozidi. Kikidondosha wakati maji yanapashwa, kinafanya kazi yake. Kikitiririsha mchana na usiku hata boila ikiwa imezimwa, hilo ni jambo jingine: ama kimechakaa, ama presha ya mtaa ni kubwa mno.

Ubaya mkubwa unakuja siku termosta inapoharibika na kushindwa kukata umeme. Katika miji hii iliyo kwenye kimo cha metre 1.500 hivi, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Ndani ya mtungi uliozibwa hayachemki: kwa presha ya bar 7 yanaweza kupita nyuzi 150 yakiwa bado maji. Mtungi ukipasuka, presha inaanguka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Litre moja ya maji hutoa zaidi ya litre 1.600 za mvuke. Ndiyo sababu boila ya aina hiyo inaweza kubomoa ukuta au kutoboa paa.

Kuna nyumba zinazopata maji kutoka tanki lililowekwa juu ya mnara. Huko wengine wanasema presha ni ndogo, kifaa hakihitajiki. Ni kweli kwamba tanki lililo metre 5 juu ya boila linatoa nusu bar tu, na ikiwa tuyo iko wazi, maji yaliyopanuka yanarudi juu. Lakini inatosha mtu kufunga vani moja katikati, au fundi mwingine kuongeza kizuizi, ili mtungi ubaki umefungwa kabisa. Na tanki likikauka huku mtu akifungua robine ya maji moto, hewa inaingia na boila isiyo na kizuizi inaweza kujimwaga kupitia tuyo ya maji baridi. Umeme ukirudi usiku, chuma cha kupashia kinawaka bila maji na kuungua.

Ufungaji wenyewe si siri. Kifaa kinakaa kwenye mdomo wa maji baridi, mara nyingi wenye alama ya buluu, na hakuna vani yoyote inayoruhusiwa kati yake na mtungi. Chini yake inapelekwa tuyo ya kumwagia, inayoteremka moja kwa moja na mwisho wake ukiwa wazi, mahali ambapo maji moto hayawezi kumchoma mtu. Asiyetaka kupoteza maji aweke ndoo hapo. Ukuta nao uangaliwe: litre 100 ni kilo 100, bila kuhesabu chuma, na ukuta wa mbao hauwezi kubeba hivi hivi.

Kwa umeme, boila inahitaji waya wake peke yake wa milimita 2,5 za mraba, disjoncteur yake, na waya wa ardhi. Huo wa ardhi ndio unaosahaulika sana, na mjini Goma una shida yake: mwamba wa volkano ni mgumu kuchimbia fimbo na ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fimbo iliyoingizwa kidogo tu kwenye mawe hailindi mtu aliye chini ya bafu. Disjoncteur ya kutambua uvujaji, ya miliampere 30, inafaa iwepo kila mara.

Joto la nyuzi 60 linatosha kuzuia bakteria wa legionella, wanaopenda maji ya vuguvugu. Ila maji hayo yanaweza kuunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, hivyo yachanganywe na ya baridi kwanza.

Mara moja kwa mwezi, kitasa cha kifaa kizungushwe hadi maji yatoke, kisha kirudishwe. Maji yenye chokaa hukikwamisha kidogo kidogo. Kisipotoa hata tone, umeme wa boila ukatwe siku hiyo hiyo na kifaa kibadilishwe kabla ya mtu kuuwasha tena.