Linux ya mtengeneza kompyuta: Pop!_OS ni kitu gani, na mashine yako ya mtumba itafaidika nini?

Wadau, hapa Ipagala kuna swali nimeshaulizwa mpaka nimechoka, hasa na vijana wanaoingia kafe na flashi mkononi: "Bro, Linux ipi kali nipige kwenye mashine yangu?" Huwa sijibu kwa neno moja, maana ndani ya swali hilo kuna jingine kubwa zaidi. Mashine yako na huo mfumo vikigombana, nani anawajibika?

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba. Ilikuja na Windows ya kuchakachua, virusi kila wiki, nikachoka. Nikapakua Linux moja pale kafe, usiku nikaipiga. Ikawaka fresh kabisa, nikalala najiona fundi. Asubuhi nafungua nitume maombi ya kazi, na ndiyo siku ya mwisho, Wi-Fi hamna! Siyo kwamba mtandao ulikuwa dhaifu, mashine ilikuwa haioni mtandao wowote. Dawa yake ilikuwa draiva, draiva iko intaneti, na intaneti ndiyo sina. Nikachukua flashi yenye vyeti mbio hadi kafe, kufika umeme umekatika. Uliporudi muda wa maombi ulikuwa umeshapita.

Sasa nimlaumu nani? Aliyeniuzia alisema yeye aliuza mashine yenye Windows, mengine hayamhusu. Waliotengeneza ile Linux hawajawahi kuiona mashine yangu. Waliotengeneza chipu ya Wi-Fi hawakuweka wazi jinsi inavyofanya kazi, hivyo draiva yake haikuwemo. Kila mtu ana sababu nzuri, na mimi kazi nimekosa.

Kwa wale wageni wa mambo haya: mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayowaka kwanza na kuziongoza nyingine zote, iwe Windows, iwe Linux. Ila mfumo peke yake haujui kuongea na kila kifaa kilichomo ndani ya mashine. Kati yake na chipu ya Wi-Fi, kadi ya picha au spika, kuna kiprogramu kidogo kinachotafsiri. Hicho ndicho draiva. Linux zina draiva nyingi sana ndani yake, lakini zikikosa moja tu unayoihitaji, ndiyo yanakukuta yaliyonikuta mimi.

Hapo ndipo inapoingia Pop!_OS. Hii ni Linux inayotengenezwa na System76, kampuni ya Denver, Marekani, iliyoanza mwaka 2005 ikiuza kompyuta zenye Linux. Siyo kampuni ya programu iliyoamua kuuza mashine. Ni wauza mashine walioamua kutengeneza na mfumo wao. Kwa miaka mingi walikuwa wanaweka Ubuntu, ile Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (neno ubuntu ni ndugu wa neno letu utu). Mambo yalikwenda vizuri hadi Aprili 2017, Shuttleworth alipotangaza kwamba wanaachana na Unity, yaani ule muonekano wa Ubuntu ambao wateja walishauzoea. System76 wakajikuta wanauza kompyuta ambazo sura yake inaamuliwa na watu wengine. Mwaka huo huo wakatangaza Pop!_OS, na toleo la kwanza, 17.10, likatoka Oktoba 2017.

Hawakuanza sifuri. Pop!_OS imejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imejengwa juu ya Debian, kwa hiyo programu nyingi za Ubuntu zinakubali humo. Tofauti iko kwenye yale mambo ambayo muuza kompyuta anayajua kwa sababu ndiye anayepokea simu za wateja waliokwama.

La kwanza ni kadi za picha za NVIDIA. Wanaocheza magemu au kuhariri video wanajua usumbufu wake kwenye Linux: unamaliza kuweka mfumo, skrini inakuwa nyeusi. System76 walitoa faili la pekee ambalo draiva ya NVIDIA imo tayari.

La pili, na hili kwa sisi wa kununua bando kwa kujibana ni kubwa, ni sehemu ya uokoaji. Ukiiachia Pop!_OS diski nzima kwenye mashine za kisasa kidogo, inatenga kipande na kuweka humo nakala ya mfumo wenyewe. Siku ukivuruga mambo, unawasha kupitia hiyo sehemu na kuweka mfumo upya bila flashi, bila kupakua tena karibu GB 3, na unaweza kuchagua mafaili yako yabaki.

La tatu, wakati wa kuweka inakupa nafasi ya kuifunga diski yote kwa nywila. Mashine ikiibiwa, mwizi hasomi kitu. Ila sikia: ukisahau nywila hiyo, hakuna fundi wa kukusaidia, awe wa Dodoma au wa Dar.

Baadaye wakaenda mbali zaidi. Badala ya kuendelea kurekebisha muonekano wa GNOME uliotengenezwa na wengine, wakaanza kuandika wa kwao kutoka mwanzo kwa lugha ya Rust, wakauita COSMIC. Toleo la majaribio lilitoka Agosti 2024, na Desemba 2025 COSMIC ikatoka rasmi ndani ya Pop!_OS 24.04.

Je, mtengeneza mashine akishika kila kitu ndiyo hakuna matatizo? Hapana! Novemba 2021 Linus Sebastian, yule wa chaneli ya Linus Tech Tips, aliijaribu Pop!_OS mbele ya watazamaji wake. Alitaka tu kuweka Steam ili acheze magemu. Kwa kosa lililokuwa kwenye vifurushi vya programu, mfumo ukataka kufuta muonekano wote wa kompyuta. Ulitoa onyo, yeye akakubali, skrini ikabaki na maandishi matupu. Watu walicheka sana, lakini mimi nilichokiona ni kingine: kulikuwa na mlango wa kugonga. System76 walirekebisha kosa, na hakuna aliyesema "siyo mimi".

Msidhani haya ni mambo ya Wamarekani tu. Jirani zetu Rwanda walishakuwa na kompyuta ambayo mashine na Linux yake vilitoka nyumba moja, tena kwa watoto wa shule ya msingi. Ni ile XO ya rangi ya kijani na nyeupe ya shirika la OLPC, lililoanzishwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte na wenzake. OLPC walisanifu mashine, kampuni ya Quanta ya Taiwan ikaiunda, na ndani ikawekwa Sugar, muonekano wa watoto uliokaa juu ya Fedora Linux. Mashine yenyewe ya kwanza ilikuwa na RAM ya MB 256 tu! Lakini kwa sababu mfumo ulishonwa kwa kipimo cha mashine ile, ilifanya kazi, na skrini yake ilisomeka hata juani. Rwanda ilianza mpango huo mwaka 2008, na mashine zilizogawiwa zilipita laki mbili.

Kisha mwenye nyumba akaanza kuyumba. Mwaka 2008 walizozana ndani kuhusu kuweka Windows, na Walter Bender, mmoja wa viongozi, akaondoka na kuanzisha Sugar Labs ili Sugar iendelee. Ofisi ya Boston ya OLPC ilifungwa mwaka 2014. Rwanda nayo ikageukia mashine za Positivo BGH, zilizoanza kuunganishwa Kigali mwaka 2015. Lakini angalia hili: Sugar haikufa na ofisi. Kwa kuwa ni programu huria, waliobaki waliichukua na kuendelea nayo. Kwa hiyo Linux ya mtengeneza mashine ni nzuri kwa sababu ina mwenyewe, na uhuria wake ndiyo bima siku mwenyewe akiondoka.

Turudi Ipagala. Pop!_OS kwenye mashine ya System76 ni suti ya kupimwa kwa fundi. Pop!_OS kwenye mashine yangu na yako ni suti nzuri ya mtumba: inaweza kukukaa utadhani ulishonewa, inaweza kukubana mabega. Ni bure, unaruhusiwa kuiweka kwenye mashine yoyote, lakini aliyeishona hakukupima wewe. Huku kwetu, anayewajibika kwa mashine ya mtumba ni mwenye mashine. Nani mwingine?

Na swali hili sasa ni la lazima kwa wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida, ikabaki nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine nyingi za mtumba hapo zinaachwa stendi.

Basi kabla hujapiga Pop!_OS, fanya hivi:

1. Hakikisha mashine ni ya biti 64 na ina RAM angalau GB 4. GB 8 ndiyo utaona raha. Ukiwa na GB 2, tafuta Linux nyepesi kama antiX, usijitese.

2. Pakua faili kafe, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo toa vitu vyako kwanza. Kwenye mipangilio ya mashine zima Secure Boot.

3. Washa kwa flashi, chagua kujaribu, USIWEKE bado. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na mwangaza wa skrini. Funika mashine, ifunue, uone kama inaamka. Saa nzima ya kujaribu haipotezi kitu.

4. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na uigawie mashine bando lako. Mara nyingi Linux inaipokea bila draiva ya ziada. Laiti ningelijua hili asubuhi ile!

5. Hamishia vyeti na picha sehemu nyingine kabla ya kuweka, maana kuweka kunafuta diski. Na kama wiki hiyo una fomu ya chuo, mkopo au kazi, subiri wiki ipite.

Mimi sasa hivi natumia Linux kila siku, kwenye mashine niliyoipima kwa flashi dukani kabla sijatoa hela. Muuzaji alinishangaa kidogo, nikamwambia hata kiatu watu hujaribu kwanza.

Aliyeijaribu Pop!_OS kwenye mashine ya mtumba atuandikie hapo chini kwenye maoni: aina ya mashine, RAM kiasi gani, nini kilikubali na nini kiligoma. Hakuna kampuni itakayotupimia mashine zetu, tupimiane wenyewe.