Chakula cha Asubuhi cha Mwanafunzi

1. Kavimvira ni mtaa wa mji wa Uvira, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi. Magharibi yamesimama milima. Mashariki ni ziwa Tanganyika. Alfajiri wavuvi waliokesha ziwani na taa zao hurudi na ndagala. Saa ile ile wanafunzi wa sekondari hushika njia ya shule. Wengine wamekunywa chai. Wengine hawajatia kitu kinywani tangu ugali wa jana jioni.

2. Mtazame huyu wa pili ifikapo saa nne. Macho yake yako ubaoni, lakini akili haipo. Mwalimu anaeleza hesabu. Yeye anasikia sauti tu. Akiulizwa, huinamisha kichwa. Wenzake humcheka, na mwalimu humwita mvivu. Pengine si mvivu, bali ana njaa. Na adhabu haimshibishi mtu.

3. Sababu ni hii. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili. Lakini mtu akipumzika, ubongo wake hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili wote. Ubongo wa mtoto hutumia sehemu kubwa zaidi. Tena hauna likizo: hata usiku unaendelea kula. Chakula chake ni sukari iliyomo katika damu. Si lazima iwe sukari ya dukani, kwa maana ugali, viazi na ndizi pia hugeuka sukari hiyo mwilini.

Mtu akiisha kula, ini huweka akiba ya sukari, kama mama awekavyo unga ndani ya mtungi. Usiku ini hutoa akiba ile kidogo kidogo. Kukicha, mtungi umepungua sana. Mwili hujua njia nyingine za kupata sukari, lakini ni kazi nzito. Akiba ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo yeye huona taabu mapema kuliko mtu mzima.

4. Jambo hili limejaribiwa. Katika kisiwa cha Jamaica, watoto zaidi ya 800 wa shule 16 za vijijini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa chakula kila asubuhi ya shule, mwaka mzima. Kundi la pili lilipewa robo ya chungwa tu. Habari zake zilitangazwa mwaka 1998. Waliokula walihudhuria shule zaidi kidogo, wakaongezeka kimo na uzito kidogo, na wale wadogo wakapata maendeleo katika hesabu.

Jaribio lingine lilifanyika magharibi mwa Kenya, katika shule 50 za watoto wadogo. Shule 25 zilipewa uji wa asubuhi. Penye uji, watoto walihudhuria kama siku 36 katika 100. Pasipo uji, kama siku 27. Lakini alama za mtihani zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na ujuzi wa kutosha. Basi uji humleta mtoto shuleni na kumpa nguvu za kusikiliza. Kufundisha ni kazi ya mwalimu, na kujifunza ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe.

5. Chakula gani kinafaa? Chai yenye sukari peke yake huamsha mtu, lakini nguvu zake huisha upesi. Muhogo hutia nguvu, ila haujengi mwili vya kutosha. Kijana wa sekondari bado anakua. Huhitaji pia vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, karanga, soya au ndagala. Uji wa mahindi uliotiwa unga wa soya au karanga ni chakula chema. Muhogo wa kuchemsha pamoja na maharagwe ni chema vilevile. Si lazima kununua mkate.

6. Lakini ziko nyumba zinazopika mara moja tu kwa siku. Huko si haki kumwambia mtoto, «Ule asubuhi,» bila kumwonyesha njia. Njia moja ni kutenga sehemu ya chakula cha jioni kabla watu hawajaanza kula. Akiba haiozi, husema wazee. Lakini chakula huoza. Kwa hiyo kifunikwe vema, na asubuhi kipashwe moto mpaka kichemke. Kikinuka vibaya, kitupwe. Maji ya kunywa nayo yachemshwe, kwa maana kipindupindu kinajulikana sana Uvira.

Na kama hakuna cha kutenga? Hapo mwalimu mwenye busara hufundisha hesabu mapema, kabla nguvu hazijaisha, wala hamwaibishi mwenye njaa mbele ya wenzake. Naye mwanafunzi mwenye muhogo mkononi anajua la kufanya: aukate vipande viwili.

Maswali

1. Ubongo hula nini, na kwa nini mtungi wa ini hupungua usiku?
2. Katika shule za Kenya, uji ulileta faida gani? Ni kitu gani ambacho uji peke yake haukuweza?
3. Taja vyakula vitatu vya kujenga mwili vinavyopatikana kwenu.
4. Mwenzako akisinzia darasani, utafanya nini kabla ya kumcheka?