Boksi, banda au kizimba: gharama ya kumlaza na kumtafunisha mtoto wa mbwa

Mtu anayejiandaa kuchukua mtoto wa mbwa hapa Dar es Salaam huwa ameshapiga hesabu ya bei ya mbwa mwenyewe, ya chanjo na ya chakula. Usiku haumo kwenye hesabu hiyo. Halafu mgeni anafika, wiki nane tangu azaliwe, ametolewa kwa mama yake na nduguze jioni hiyohiyo, na ikifika saa tano usiku nyumba nzima haijalala. Kabla watu hawajazoea kilio, meno yanaanza. Kuanzia miezi mitatu hadi minne, meno 28 ya utotoni huanza kung'oka ili yapishe 42 ya ukubwani, na shughuli hiyo haiishi mpaka miezi sita au saba. Muda wote huo ufizi unamuwasha, na chochote kinachofika mdomoni hutafunwa.

Madukani utauziwa kitanda kwa ajili ya tatizo la kwanza na dawa ya kupulizia kwa ajili ya la pili. Naona vyote viwili vinaweza kusubiri. Mbwa mdogo huharibu vitu pale asipoangaliwa, na muda mrefu kuliko wote asioangaliwa ni usiku. Ukipata mahali salama pa kumlaza, sehemu kubwa ya tatizo la kutafuna imeshapungua. Bei nitakazotaja ni za kukadiria. Hupishana kwa duka, kwa fundi na kwa ukubwa, hivyo zitumie kulinganishia.

Kwa usiku wa mwanzo, boksi la kadibodi linatosha. Duka la jumla watakupa bure au kwa buku moja. Chagua la mafuta ya kupikia au la sabuni ya mche, ng'oa pini zote na utepe wa gundi, kata upande mmoja uwe mlango mfupi, kisha uliweke karibu na unapolala wewe. Ukaribu huo ndio dawa ya kilio: anakusikia ukipumua, ananusa harufu yako, na ukinyoosha mkono anatulia. Wengi humfungia stoo au jikoni wakiamini atazoea, na kweli hunyamaza baadaye, lakini amejifunza kuogopa kuachwa peke yake, na mbwa wa namna hiyo ndiye anayekwangua mlango mpaka rangi itoke. Anza naye karibu, kisha sogeza boksi kidogokidogo kuelekea mahali unapotaka awe analala. Boksi litachanika ndani ya wiki chache. Si hasara, kwa kuwa hukulinunua.

Banda la nje ndilo chaguo la mazoea, hasa kwa anayefuga mlinzi. Kwa mbwa mkubwa sina neno. Kwa mtoto ambaye hajakamilisha chanjo nina wasiwasi, na sababu kubwa ni parvo. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na hakiondoki kwa kufagia. Uwanja uliowahi kupitiwa na mbwa mgonjwa haujulikani kwa macho. Chanjo zake hutolewa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka takriban wiki ya 16. Hadi hapo, ardhi ya nje anayoikanyaga iwe ile unayoijua historia yake. Ongeza kupe, mbu, na mvua za masika zinazolowesha banda lililojengwa kwa haraka. Banda zuri lenye sakafu iliyoinuliwa na paa lisilovuja nalo hugharimu fedha nyingi kuliko kizimba cha ndani, kwa sababu linakula mbao na mabati.

Najua zipo nyumba nyingi, hasa za Waislamu wa huku pwani, ambako mbwa haingii ndani. Mate yake ni najisi kwa madhehebu ya Shafii, na familia hufuga kwa ulinzi tu, jambo lililoruhusiwa. Nyumba ya namna hii haina haja ya kujilazimisha. Tenga pembe ya baraza la nyuma au kibaraza cha stoo chenye sakafu ya saruji, ioshe vizuri kwa maji yenye jiki, isuuze na iache ikauke, kisha weka kizimba hapo chini ya dirisha la anayeamka upesi. Mbwa atasikia sauti za watu, nanyi mtamsikia yeye.

Sasa vizimba. Cha waya cha kukunja, kinacholetwa kutoka nje, ni kizuri kwa joto la Dar: upepo wa feni unapita pande zote, kina trei ya chini inayotoka na kuoshwa, na vingi huja na kizuizi cha ndani cha kupunguza nafasi. Cha mbwa wa kati, chenye urefu wa sentimita 91 hivi, huweza kufika laki mbili, na vikubwa hupita hapo. Cha plastiki kilichofungwa pande zote ni cha kusafiria. Kwa kulalia kila siku kinabana hewa, na mwezi wa Januari sitamlaza mbwa wangu humo. Ila kama unajua mtahama kwa ndege, nunua hicho moja kwa moja, kwa kuwa kanuni za IATA hazikubali vizimba vya waya mtupu na utajikuta umenunua mara mbili.

Chaguo ninalolipenda kuliko yote ni kizimba cha kuchongesha. Seremala wa Keko au wa mtaani kwako anaweza kukitengeneza kwa nusu ya bei ya cha dukani, mradi uende na vipimo na ujue cha kumkataza. Kwa mbwa wa kienyeji atakayekuwa wa kilo 15 hadi 20, urefu sentimita 90, upana 60, kimo 65 au 70. Kwa German Shepherd, ongeza mpaka 107 kwa 71 kwa 76. Fremu iwe ya paina kavu isiyopakwa chochote. Hapa uwe mkali: mbao za kuezekea zenye rangi ya kijanikijani zimetiwa dawa, na dawa hiyo mara nyingi ina aseniki ndani yake. Fundi atakuambia ndizo zinazodumu, na ni kweli zinadumu, lakini za kwako zitatafunwa. Rangi nayo ikataliwe kwa sababu hiyohiyo.

Wavu wa kuku usikubali. Ni mwepesi, unapinda, na jino au ukucha hunasa. Dai waya meshi ngumu iliyochomelewa, yenye matundu ya inchi moja, na ipigwe kwa ndani ya fremu. Mafundi wengi huipiga kwa nje kwa kuwa ni rahisi na inapendeza, kisha mbao zote zinabaki upande wa meno na mwezi mmoja baadaye nguzo za kona zimekuwa kama muwa uliotafunwa. Ikipigwa ndani, meno yanakutana na chuma. Ncha zote zikunjwe na kufunikwa kwa fito nyembamba, na mlango uwe na komeo, maana ndoano huchomolewa kwa pua. Sehemu ya chini usiweke kabisa: kikae juu ya sakafu ya saruji au vigae, pana ubaridi na kupiga deki ni rahisi. Kama uko Njombe, Mbeya au Arusha, mambo hugeuka. Juni na Julai sakafu ni barafu, hivyo weka ubao chini na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga.

Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani watakutengenezea cha chuma tupu. Kitagharimu zaidi na ni kizito kusogeza, lakini kwa mbwa wa mbegu kubwa ni fedha iliyokwenda mahali pake. Kagua kila kiungo kwa kidole kabla hujalipa, palipo na ncha parudiwe kwa tupa.

Kitu kimoja watu hukosea wakishapata kizimba kikubwa: wanampa chote. Mbwa huepuka kuchafua anapolala pale tu nafasi inapomtosha kulala na kugeuka. Akibaki na kona ya ziada, hiyo ndiyo choo. Kata nafasi kwa ubao, uwe unausogeza anavyokua. Hata hivyo kibofu chake kina kikomo. Kipimo kinachotumika ni umri wa miezi kuongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia, zikiwa nyingi. Wa miezi miwili, basi, ni saa tatu. Chakula cha mwisho saa kumi na mbili au moja jioni, choo saa nne usiku, amka saa saba, tena saa kumi, halafu alfajiri. Mtoe kimyakimya, bila taa wala mchezo, arudi alale. Gharama yake ni usingizi wako kwa wiki chache, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kukulipia.

Ndani ya kizimba, usiweke kitanda cha sponji. Ndicho kitu cha kwanza kuuzwa na ndicho kibaya kuliko vyote kwa umri huu. Atakipasua na kumeza vipande, na sponji tumboni haisagiki. Huziba utumbo, na upasuaji wake hugharimu fedha nyingi kuliko kizimba. Mkeka wa ukindu hufumuka na kumezwa vivyo hivyo. Khanga kuukuu isiyochanika inatosha, na akianza kuila, alale kwenye sakafu tupu. Hatadhurika kwa joto letu.

Kwenye kutafuna, bei na ubora haviendani hata kidogo. Karoti nzima nene iliyogandishwa kwenye friza ni shilingi mia chache, na ubaridi wake hutuliza ufizi kuliko plastiki yoyote. Ikibaki kipande cha kuweza kumezwa, kichukue. Kipande cha taulo la pamba kilicholoweshwa, kikafungwa fundo na kugandishwa, hakigharimu kitu. Kitupe nyuzi zikianza kutoka.

Kitu kimoja cha dukani ninachokubali kukilipia ni mpira mgumu wenye tundu la kujazwa chakula. Kong ndiyo iliyoanzisha mtindo huo. Joe Markham wa Colorado, Marekani, alikuwa na mbwa aitwaye Fritz aliyejivunja meno kwa kutafuna mawe, na kilichomwondoa huko ni kipande cha mpira cha gari la Volkswagen. Kampuni ikazaliwa 1976. Kwa mtoto chukua aina laini ya watoto. Wa asili utaulipia makumi ya maelfu, ila unadumu. Jaza ugali uliochanganywa na dagaa wa kusagwa, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, kisha ugandishe. Atashughulika nao muda mrefu, na mbwa aliyechoka kwa kulamba hulala. Mipira ya bei nafuu inayolia ukiibonyeza huraruka siku ya kwanza, na kile kifilimbi cha ndani humezwa.

Mifupa ya bucha ni rahisi kupata, lakini sipendekezi. Uliopikwa hupasuka kuwa vichokoo, na wa mguu wa ng'ombe, hata mbichi, huvunja meno. Kwato na pembe ni vivyo hivyo. Kipimo rahisi: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba, kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno. Makumbi ya nazi yana nyuzi zinazomezwa. Ndala kuukuu usimpe, kwa kuwa hawezi kujua tofauti yake na viatu vyako vya kazini.

Dawa chungu ya kupulizia ningeiweka mwisho. Mbwa wengine haiwaumizi kichwa, na anayeijali naye utampulizia kila siku mpaka chupa iishe. Pilipili ni ukatili, huunguza macho na pua. Shubiri, ambayo tunaijua kwa kuwaachisha watoto ziwa, humharisha mbwa. Fedha hiyo nunua bomba jembamba la plastiki la fundi umeme, lipasue kwa urefu na upitishe nyaya zote za sebuleni. Umeme wetu ni volti 230 na waya uliong'atwa huua. Siku hiyohiyo, sumu ya panya na dawa ya mbu ya koili viondoke sakafuni.

Akikamatwa na kitu kisicho chake, usimkimbize wala usimchape. Mpe kingine chenye harufu nzuri zaidi, abadilishane.

Hesabu yangu kwa nyumba ya kawaida, basi: boksi la bure wiki za mwanzo, kizimba cha seremala kama laki moja, mpira mmoja mzuri, bomba la nyaya, na karoti kila mnunuapo mboga. Mfuko ukiruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, mpelekee seremala vipimo. Kitanda nunua meno yote 42 yakishatoka.