Kodi ya Mwenye Kujiajiri: Daftari, Awamu Nne na Dhamiri Safi



Kila mwaka inapokaribia tarehe 31 Machi, ofisini kwetu parokiani hufika watu ambao hawaji kuandikisha nia ya Misa wala kuomba cheti cha ubatizo. Wamebeba karatasi iliyokunjwa mara nne, nayo ni karatasi ya makadirio ya kodi. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja, fundi cherehani anayeshona sare za shule, mwanachama hai wa WAWATA. Alikuwa amekadiriwa kulipa shilingi 250,000 kwa mwaka. Kwa kuwa hakuwa na fedha hizo kwa mkupuo, alikimbilia mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Kodi akaimaliza, lakini deni la mkopeshaji likaota mizizi, hata moja kati ya cherehani zake mbili ikachukuliwa. Alipoketi mbele yetu hakuuliza habari za cherehani. Aliuliza: “Baba, hivi kweli Mungu anataka hata hili?”

Tulipoipitia karatasi ile pamoja naye, tuligundua mambo mawili. La kwanza, sheria haikumtaka alipe fedha zote siku moja. La pili, kama angekuwa na daftari la mauzo, kodi yake ingekuwa ndogo zaidi. Aliumizwa na kodi, naam, lakini aliumizwa zaidi na kutokujua. Ndiyo maana tumeona vema kuwashirikisha waamini waliojiajiri, mafundi, mama lishe, wenye genge, saluni na maduka madogo, yale ambayo kila mmoja wao anapaswa kuyafahamu.

Kanisa linafundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2240, inaweka ulipaji wa kodi miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia, kwa sababu raia anashiriki kubeba dhima ya mafao ya wengi. Namba 2409 inakwenda mbali zaidi na kulitaja tendo la kukwepa kodi katika orodha ya makosa dhidi ya Amri ya Saba. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani nao, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, waliwasikitikia wale wasioona haya kukwepa kodi za haki kwa hila na udanganyifu.

Hata hivyo, mafundisho hayo yana upande wa pili ambao mara nyingi hautajwi mimbarini. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliionya dola isikaushe mali ya mtu binafsi kwa kodi zilizopita kiasi. Kodi inayomfunga mtu dhamiri ni kodi ya haki, iliyowekwa kwa sheria na kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo, Mkristo anapojifunza sheria ili alipe kile hasa anachodaiwa, bila kupunguza wala kuzidisha, hakwepi wajibu wake. Anautimiza kwa akili.

Nani anaingia katika kodi ya makadirio

Hapa nchini Tanzania, mtu binafsi mwenye biashara ndogo halazimiki kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) hesabu zilizokaguliwa. Anatozwa kwa kuangalia mauzo ghafi ya mwaka, yaani fedha zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama. Utaratibu huu huitwa kodi ya makadirio. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha ukomo wake kutoka mauzo ya shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka, na hivyo kuwaingiza wengi ambao awali hawakuhusika. Wanaotoa huduma za kitaalamu, pamoja na wenye vyombo vya usafiri, wana taratibu zao tofauti.

Tukazie neno hilo “mauzo”, kwa maana ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu husema, “Mwaka huu sikupata faida, kwa hiyo sidaiwi.” Katika kodi ya makadirio, faida haiulizwi. Vilevile, leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri ni jambo jingine. Aliyelipia leseni hajalipa kodi ya mapato.

Hatua ya kwanza kwa anayeanza ni kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN. Namba hiyo hutolewa bure kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Anayedai malipo ili “akusaidie” kuipata anakuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Daftari lenye thamani ya shilingi 100,000

Viwango vya ngazi za chini vilivyowekwa mwaka 2019 vinatofautisha makundi mawili: wasiotunza kumbukumbu na wanaozitunza.

- Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka: hakuna kodi kwa kundi lolote.
- Mauzo yanayozidi 4,000,000 hadi 7,000,000: asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000.
- Mauzo yanayozidi 7,000,000 hadi 11,000,000: asiyetunza kumbukumbu hulipa 250,000. Anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 7,000,000.

Mauzo yakivuka shilingi 11,000,000, kumbukumbu si hiari tena, na huko ndiko mfanyabiashara hutakiwa kuwa na mashine ya risiti ya EFD. Tukumbuke pia kwamba Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai. Ni busara kuulizia viwango vya mwaka husika katika ofisi ya TRA iliyo karibu.

Sasa tumrudie fundi wetu. Mauzo yake yalikuwa kama shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Bila daftari, kodi ni 250,000. Kwa daftari, ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya zile 2,000,000 zilizozidi, yaani 60,000, jumla 150,000. Tofauti ni shilingi 100,000. Kwa mwenye genge anayeuza shilingi 4,500,000 tofauti inatisha zaidi: bila kumbukumbu atalipa 100,000, na kwa kumbukumbu atalipa 15,000 tu.

Kumbukumbu hizi hazihitaji elimu ya uhasibu. Daftari la kawaida linatosha kuanzia: tarehe, kilichouzwa, kiasi kilichoingia, na upande wa pili kilichotumika. Andika kila jioni kabla ya kufunga, si mwisho wa wiki kwa kukisia. Hifadhi risiti za manunuzi katika bahasha moja kwa kila mwezi, na usifute ujumbe wa malipo ya simu. Lakini daftari liwe la kweli. Anayeandika mauzo nusu ili ashuke ngazi amegeuza kinga kuwa uongo, na hapo yale ya namba 2409 yanamhusu.

Awamu nne badala ya mkupuo mmoja

Kwa mwaka wa kawaida wa kalenda, kodi hulipwa kwa awamu nne: kufikia tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kodi ya 150,000 inakuwa 37,500 kwa kila awamu. Tukiigawa kwa miezi ni 12,500, na kwa siku za kazi haifiki shilingi 500.

Hapa ndipo tunapowaalika waamini kuwa na kibubu cha kodi. Mia tano kila jioni, kabla ya kuhesabu kilichobaki kwa matumizi ya nyumbani, na kibubu hicho kisiguswe kwa mchango wa harusi wala kwa ada. Wengine hupendelea kuweka akiba hiyo katika SACCOS au katika kikundi cha VICOBA, wakipanga kuitoa wiki moja kabla ya tarehe ya awamu. Njia zote ni njema. Jambo la msingi ni kutambua kwamba fedha ya kodi iliyo ndani ya mauzo si yako tangu siku ilipoingia.

Namna ya kulipa

Fedha ya kodi haipokelewi mkononi mwa mtumishi yeyote. Kwanza unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, kutoka ofisi ya TRA au kupitia mfumo wake wa intaneti. Kwa namba hiyo unalipa benki, kwa wakala wa benki, au kwa simu yako kupitia sehemu ya malipo ya serikali. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalojitokeza na kiasi, uone kwamba ni chako. Kisha tunza uthibitisho wa malipo ndani ya daftari, kwa sababu utauhitaji siku ya kuomba hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi unapohuisha leseni.

Anayekuomba fedha taslimu ili “mambo yaishe hapa hapa” anakutaka ushiriki rushwa. Deni lako litabaki palepale, na dhambi itakuwa imeongezeka juu yake.

Ukiwa umekwisha kuchelewa

Wengi wanaposhindwa awamu moja hufunga duka wasikiapo maofisa wanapita, wakidhani deni litasahaulika. Halisahauliki. Malimbikizo huongezeka riba, na kadiri mtu anavyojificha ndivyo anavyopoteza nafasi ya kusikilizwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kumwongezea mlipakodi muda au kumruhusu alipe deni kidogo kidogo. Nafasi hiyo haiji yenyewe, huombwa kwa maandishi. Andika barua fupi na ya kweli: unadaiwa kiasi gani, kwa nini umeshindwa, na kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani. Usiahidi zaidi ya uwezo wako ili kupendeza, kwa sababu makubaliano yaliyovunjwa humweka mtu pabaya kuliko mwanzo. Lipa japo sehemu wakati ukisubiri jibu, na awamu za mwaka unaoendelea zisiachwe zikageuka kuwa deni jipya.

Kama makadirio yenyewe si sahihi, unayo haki ya kupinga. Pingamizi huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio, na kwa kawaida unatakiwa kwanza kulipa sehemu usiyoipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa. Hapo daftari lako ndilo shahidi. Aliyetendewa isivyostahili anaweza pia kupeleka lalamiko katika ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, inayofahamika kwa kifupi kama TOST.

Jambo moja tunawasihi kwa moyo wa kichungaji: msilipe kodi kwa kausha damu. Kuomba muda serikalini si aibu. Aibu ni ya yule anayefanya dhiki ya jirani kuwa mtaji.

Swali la dhamiri

Tunaulizwa mara nyingi katika kitubio: je, nimetenda dhambi kwa kutolipa? Lazima tutofautishe. Anayeweza kulipa na akaficha mauzo amekosa haki, naye anaalikwa kutubu na kurekebisha, kama Zakayo aliyeona kwamba kumpokea Yesu nyumbani kwake kunadai pia kurudisha cha watu. Asiyeweza kulipa kwa ugonjwa, msiba au biashara kuanguka hana kosa la ukwepaji, ila bado ana wajibu wa kujitokeza na kusema ukweli.

Wapo wanaosema: “Nilipe kwa nini, wakati fedha zinaliwa na wachache?” Malalamiko hayo yana uzito, na wenye kusimamia fedha za umma watatoa hesabu mbele ya wananchi na mbele za Mungu. Lakini wizi wa mwingine hauuhalalishi ukwepaji wangu. Zaidi ya hayo, anayelipa kwa haki ndiye mwenye sauti safi ya kuuliza zahanati haina dawa kwa nini.

Injili ya Mathayo inatusimulia jinsi Bwana mwenyewe alivyodaiwa kodi ya hekalu. Alimtuma Petro baharini, naye akaikuta sarafu katika kinywa cha samaki, akalipa kwa ajili yao wawili. Petro alikuwa mvuvi. Sarafu ilipatikana kwa njia ya kazi aliyoizoea, naye hakwenda kwa mkopeshaji. Nasi tunaweza kuipata yetu ndani ya kazi yetu ya kila siku, mia tano kwa mia tano.

Yule mama bado anashona. Kwa cherehani moja iliyobaki alianza daftari, na mwaka uliofuata alilipa kwa awamu nne. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo walipatie jambo hili jioni moja kabla ya mwisho wa robo hii, wanaojua kuandika hesabu wawasaidie wasiojua, na mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne aikunjue mbele ya ndugu zake.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yenu.