Gari la wagonjwa lililoinuliwa: kwa nini fundi hupima kabla ya kukaza bolti

Gari la wagonjwa ni kubwa, limeinuka juu na lina nguvu. Kwa nini basi dereva humpakia mgonjwa na msindikizaji mmoja, akawaacha shangazi, majirani na mizigo yao barabarani? Wapo wanaosema ni roho mbaya. Jibu lenyewe liko chini ya gari, kwenye springi na shokapu zake. Katika makala hii tunaeleza jinsi vyombo hivyo vinavyofanya kazi, jinsi fundi anavyovirekebisha, na jinsi wewe mkazi wa kambi unavyoweza kusaidia mgonjwa afike salama.

Kwa nini magari haya huinuliwa?

Barabara ya lami kutoka Gisenyi kwenda Musanze, ambayo inapita Nkamira, ni nzuri. Lakini ukiiacha na kupanda vilima vya Rubavu, unakuta udongo unaoteleza na mitaro iliyochimbwa na mvua. Upande wa pili wa mpaka, volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na lava ikaingia hadi katikati ya mji wa Goma. Mawe yake meusi na makali yakawa ndiyo njia ya kupita. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na barabara kadhaa zikakatika.

Kwenye njia za namna hii gari dogo hugonga tumbo. Ndiyo sababu mashirika mengi hutumia Toyota Land Cruiser, na mengine huliinua zaidi kwa springi ndefu, ili lipite juu ya mawe na matope.

Springi na shokapu: kila moja na kazi yake

Springi hubeba uzito. Katika Land Cruiser nyingi za wagonjwa, springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Za mbele, katika zile zilizotengenezwa tangu mwaka 1999, ni chuma kilichosokotwa.

Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza. Gari likiruka shimo, springi hutaka kucheza juu na chini mara nyingi. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayosukumwa kupitia vitundu vidogo, na mchezo ule unakwisha upesi. Shokapu ikivuja, gari linaendelea kudunda, na mgonjwa anadunda nalo.

Gari likiinuliwa, nini hubadilika?

Watu hudhani kuinua gari ni kuweka springi ndefu tu. Sivyo. Mambo manne hubadilika kwa pamoja.

Kwanza, uzito unakwenda juu, kwa hiyo gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona na kwenye mteremko wa ubavu.

Pili, ekseli ya mbele husogea upande mmoja, kwa sababu imeshikwa na fimbo inayovuka kutoka kwenye chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande mwingine.

Tatu, ekseli hiyo hiyo hujizungusha kidogo. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na haurudi wenyewe katikati baada ya kona.

Nne, na hili ni la hatari zaidi, breki za nyuma zinaweza kudhoofika. Magari mengi ya aina hii yana kifimbo kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Gari likiwa tupu mwili wake hukaa juu, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasikwame. Gari lililoinuliwa huidanganya vali hiyo: hata likiwa limejaa, vali huona kama ni tupu. Dereva akishuka mlimani na mgonjwa ndani, breki za nyuma hazishiki inavyotakiwa.

Jinsi fundi anavyorekebisha

Kwa sababu hiyo huwekwa vyombo vinavyoweza kurekebishwa: fimbo zenye nyuzi zinazorefushwa na kufupishwa, na shokapu zenye kitufe cha kuzifanya laini au ngumu. Fundi mwangalifu hufuata utaratibu huu:

1. Hulisimamisha gari mahali tambarare, akajaza tairi upepo sawasawa. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huharibu vipimo vyote.

2. Huweka ndani uzito ambao gari hubeba kila siku: machela, mtungi wa oksijeni, tairi la akiba na mafuta. Gari lililopimwa likiwa tupu litakaa vibaya likiwa kazini.

3. Hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na kuandika. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, hutafuta sababu kwanza. Huenda springi moja imechoka au imevunjika.

4. Hurefusha au kufupisha ile fimbo inayovuka mpaka ekseli ikae katikati, halafu hurekebisha vishikio vya ekseli ili usukani urudi wenyewe.

5. Hukaza bolti za bushi za mpira gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hukaa umejisokota na kuchanika mapema.

6. Hurekebisha kile kifimbo cha vali ya breki, na kukagua kama mipira ya breki ina urefu wa kutosha gurudumu likining'inia.

7. Hupima alaimenti na kushusha mwanga wa taa, kwa sababu gari lililoinuka huwamulika machoni wanaokuja mbele.

8. Shokapu huzianzia kwenye ulaini, akaongeza ugumu hatua moja moja, kushoto na kulia sawa, na kulijaribu gari kwenye barabara ile ile kila mara.

Baada ya kilomita mia chache bolti zote hukazwa tena, kwa sababu vyuma vipya hukaa na kulegea.

Uzito wa ziada unaharibu nini?

Vipimo vyote hivyo vilifanywa kwa uzito fulani. Watu sita wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 360. Jerikani ya lita 20 za maji ni kilo 20 na zaidi. Uzito huo ukiingia, springi hulala, gari hugonga chuma kwa chuma kila shimo, na mwisho wa pigo hilo ni mgongo wa mgonjwa. Chukudu ya Goma hubeba magunia ya makaa juu ya magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, lakini gunia halina mfupa uliovunjika wala mimba.

Wewe unaweza kufanya nini?

• Chagueni msindikizaji mmoja mapema, anayejua historia ya ugonjwa, mwenye kadi ya kliniki na kitambulisho.

• Mama mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto, ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu.

• Aliyevunjika mguu au mkono afungwe banzi kabla gari halijaondoka. Bila banzi, kila shimo husogeza mfupa.

• Aliyeanguka kutoka juu asikunjwe wala kukalishwa. Muacheni muuguzi aongoze namna ya kumbeba.

• Msimhimize dereva akimbie. Kwenye njia mbaya, mwendo wa polepole ni sehemu ya matibabu.

• Njia ya gari kambini iachwe wazi, na mitaro ya maji izibuliwe kabla ya mvua. Shimo lililofukiwa ni msaada kwa kila mgonjwa atakayepita.

Mkisafiri na gari likaendelea kudunda baada ya shimo, likavuta upande mmoja, au kukasikika mlio wa chuma chini, mwambieni dereva au muuguzi. Si kumchongea mtu. Fundi hawezi kurekebisha asichokijua.

KUMBUKA: Nchini Rwanda namba ya kuita gari la wagonjwa ni 912. Mtu mmoja apige, aeleze mahali na hali ya mgonjwa, kisha asubiri penye njia ili gari lisipotee.